Gari Lenye Kauli Moja

Tulipofika yadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlinzi alikuwa bado kajitanda kanga mabegani, redio yake ikinong'ona taarifa ya habari. Fundi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, kisha akaenda moja kwa moja kwenye Harrier nyeupe ambayo mimi nilikuwa nikiitazama kwenye simu wiki nzima. Hakufungua mlango. Hakupiga tairi teke. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kama mama anayempima mtoto homa.

"Mzee, hii imeshawashwa leo."

"Kijana alikuja saa kumi na moja," mlinzi akasema, bila kuona tatizo. "Bosi alimwambia kuna wateja wa mapema, aipashe."

Fundi akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia. "Haya. Tungoje ipoe."

Tulingoja karibu saa mbili. Nilinunua vitumbua na chai ya rangi kwa mama mmoja ng'ambo ya barabara, nikala huku nimenuna kidogo, maana nilidhani nimemlipa mtu apime gari, kumbe nimemlipa akae juu ya ndoo. Mpaka tunafika gari la tatu ndipo nilipoelewa kwamba kukaa juu ya ndoo ni kazi, na pengine ndiyo ngumu kuliko zote. Injini iliyolala usiku kucha huamka na moshi wake na kelele zake. Ikishapashwa, oili imepanda, vyuma vimetanuka vikakaa mahali pake, na aliyekuja kununua anasikia tu mngurumo laini.

Jina la fundi silitaji kwa ombi lake mwenyewe. Anasema wenye yadi wakimjua watamfungia geti. Ni mtu wa makamo, mwembamba, aliyeanza kama kijana wa kufungua magurudumu mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, akapanda kuwa fundi injini, na sasa anaishi zaidi kwa kazi hii moja: mtu akitaka kununua gari anamchukua amtazamie. Ada yake haifiki bei ya tairi jipya la gari lenyewe. Nilimpata kupitia kaka yangu, ambaye yeye alimpata kwa kuchelewa. Kaka alishanunua gari safi, linang'aa, linanukia manukato ya ndimu, na wiki ya tatu taa za dashibodi zikaanza kuwaka kwa zamu. Fundi alipoing'oa siti ya dereva alikuta tope kavu limejibana ndani ya reli zake. Gari lilikuwa limewahi kuzama, na aliyelisafisha alisafisha mpaka pale jicho linapofika.

Nyumbani kwetu tuko watano, pamoja na mama mkwe, ambaye goti lake limekataa gari la kuchuchumalia. Alitaka kiti anachokikalia moja kwa moja, bila kudumbukia wala kupanda kama anayepanda lori. Watoto walitaka kiyoyozi. Mume wangu alitaka Harrier na hakutaka kuulizwa kwa nini.

Simlaumu. Toyota walizindua gari hili Japani Desemba 1997, na mwaka uliofuata likauzwa Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Juu limevaa suti, chini ni ndugu wa Camry, na ndiyo maana vipuri vyake havimsumbui mtu Kariakoo. Toleo la pili, la mwaka 2003, ndilo lililojaa barabara za Dar es Salaam, watu wakalipa jina la tako la nyani kwa vile lilivyojibinua nyuma. Jina hilo hulikuti kwenye karatasi yoyote ya kiwandani, lakini mtajie dalali wa Kinondoni uone kama atakuuliza swali la pili. Kwenye pua lina nembo ya ndege wa jamii ya mwewe, maana hilo ndilo jina lake. Wapo wanaoing'oa na kubandika ya Lexus. Fundi akikutana na nembo hiyo hutabasamu kidogo na kusogea karibu zaidi. Mtu aliyebadilisha jina la gari, anasema, tutazame amebadilisha nini kingine.

Harrier nyeupe ilipopoa, alianza. Nilidhani ataanza na injini. Alianza na namba ya chesisi. ACU30 ni injini ya cc 2362 inayovuta magurudumu ya mbele. ACU35 ni hiyohiyo inayovuta manne. MCU ni ya cc 2994, GSU ya cc 3456 iliyoingia 2006, na MHU ni ile ya umeme na petroli. Aliisoma kwenye kibati, akailinganisha na iliyogongwa kwenye chuma, akailinganisha na karatasi, na hata kabla hajafungua boneti alishajua kilichomo na magonjwa ya ukoo wake.

Karatasi yenyewe ni ya mnada wa Japani. Wengi wetu tunaulizia namba moja tu hapo juu, daraja: 4.5 tunafurahi, 3.5 tunakunja uso, R tunakimbia, kwa sababu R maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa. Fundi daraja hulipita haraka. Anachokisoma ni mchoro: gari limechorwa likiwa limefunguliwa ubavu huku na huku, kama ng'onda aliyepasuliwa kuanikwa, na juu yake mkaguzi ametawanya herufi. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa kizima. Namba 1 mpaka 3 inayofuata ni ukubwa wa jambo. Karatasi ikisema W2 mlango wa nyuma kushoto, fundi anaenda kuitafuta W2 yake kwenye mlango wa nyuma kushoto. Anachuchumaa mpaka jicho lilingane na bati, anaitazama taa ya yadi inavyojikunja juu ya rangi. Akiipata anafurahi! Mimi nilikuwa nikitarajia afurahie mlango usio na kitu. Yeye anafurahia mlango wenye kosa lililoandikwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona anachokifanya. Fundi hatafuti ubovu. Gari la miaka kumi na saba lisilo na ubovu halipo, na akiletewa moja angelikimbia. Anachokitafuta ni mapatano. Gari lina mashahidi wengi waliokaa mbali mbali, hawakuwahi kukutana kupanga maneno: kioo, mkanda, bolti, tairi, karatasi, muuzaji. Anamhoji mmoja mmoja, haonyeshi uso, halafu anaona kama wanasema jambo moja.

Nyeupe ile haikusema jambo moja. Bolti zinazoshika mbawa za mbele zilikuwa zimekwanguka rangi kwenye pembe, alama ya spana, upande wa kulia tu. Vioo vya milango vyote vilikuwa na chapa ya mtengenezaji mmoja isipokuwa cha dereva. Mikanda aliivuta mpaka mwisho kabisa, pale chini kunakoshonewa kitambaa cha tarehe, na wa dereva ulikuwa mgeni wa miaka mitano kwa wenzake. Karatasi haikutaja lolote katika hayo. Kisha akafungua mlango wa dereva, akapiga goti, akamulika ubavuni, mahali ambapo mfagiaji wa gari hafiki, na akaniita.

"Dada, njoo usome."

Kulikuwa na kibandiko kidogo kilichofifia, nusu yake imekwanguliwa kwa kucha. Fundi hajui Kijapani, ila anazijua herufi tatu zinazotamkwa oiru, yaani oili. Magereji ya Japani hubandika kibandiko cha namna hiyo kila wanapomwaga oili: tarehe, na kilometa za kurudi tena. Tarehe ilisema 25, mwezi wa 6. Nikauliza mwaka 25 ni upi. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, basi mwaka wa 25 ni 2013. Chini yake, namba iliyobaki salama: 112,400. Kwenye dashibodi gari lilikuwa linadai limetembea kilometa 78,600.

Fundi aliinuka, akafuta goti, akamwambia kijana wa yadi asante sana, gari zuri, tutawasiliana. Njiani nilimuuliza kwa nini hakumwambia ukweli wake pale pale. "Nimwambie ili iweje? Kesho atakwangua na ile nusu iliyobaki."

Gari la pili tuliliona Tabata, la mkononi, namba D, la familia inayohamia mkoani. Sitalielezea sana kwa sababu wale watu walikuwa waungwana na gari lao lilikuwa karibu kunishinda nguvu: siti za ngozi zilizotunzwa, milango inayofunga kwa mlio mzito wa kabati la mninga. Lilikuwa baridi, halikuguswa tangu jana. Ila fundi alitoa mfukoni kioo kidogo cha kunyolea ndevu, akakifunga kwenye mpini wa waya, akakishusha nyuma ya injini, kule inakopakana na ukuta wa kabini, mahali ambapo macho hayafiki hata ukilala juu ya boneti. Akamulika. Nikachungulia ndani ya kioo nikaona, pale silinda hedi inapokutana na bloku, ukoko wa rangi ya waridi, mkavu, kama baki la sharubati pembeni mwa glasi.

Ni kulanti iliyovuja ikakauka. Injini hii ya cc 2362, ambayo kiwandani inaitwa 2AZ-FE, ina bloku ya aluminiamu, na katika zile za miaka ya mwanzo meno yanayoshika bolti za hedi upande wa nyuma huchoka na kuachia. Bolti zikilegea hedi inapumua, kulanti inachuruzika kidogo kidogo, dereva anaongeza maji na kusahau, mpaka siku moja kwenye foleni mshale wa joto unapanda. Mengi ya yaliyotengenezwa baadaye yalipona ugonjwa huo yakaangukia mwingine, wa kula oili, kwa sababu ya ringi za pistoni. Fundi anaitaja hii kama mtu anayetaja pumu au kisukari cha ukoo, bila chuki. Wa kula oili unaishi naye, anasema, ukimtazama kwenye kijiti kila Jumamosi. Wa bolti humchukui kama huna akiba ya injini nyingine.

Alimwambia mwenye gari alichokiona, safari hii. Akampa na kioo atazame mwenyewe.

Nyingine tulizipita kwa haraka. Moja ilikuwa na maandishi AIRS nyuma, maana yake inasimama juu ya mifuko ya hewa badala ya springi, na asubuhi ile upande mmoja ulikuwa umelala kama ng'ombe. Ya hybrid hakutaka hata kuifungua: betri ya volti 288 iliyokaa chini ya siti ya nyuma tangu 2005 si kitu cha kununua kwa kukisia. Ya cc 2994 ilikuwa nzuri, lakini hiyo inatumia mkanda wa taimingi, wa mpira, na mwenyewe hakujua kama umewahi kubadilishwa. Fundi alitafuta kibandiko chake kwenye injini, hakukiona, akafunga boneti polepole.

La tatu tulilolipima kwa kina, lile nililolitaja mwanzo, lilikuwa Mbezi, kwa mwalimu mstaafu. Rangi ya majivu, mwaka 2007, ACU30, cc 2362. Kusema kweli lilikuwa baya. Bampa la nyuma lilikuwa na mkwaruzo mrefu wa ukuta wa geti. Dirisha la nyuma kulia lilikuwa na kioo cha chapa tofauti. Kwenye siti ya nyuma, mjukuu alikuwa amebandika stika za mpira wa miguu ambazo hakuna aliyefaulu kuzitoa.

Mwalimu alitupokea kwa kikoi na fulana, akatukaribisha chai, na kabla chai haijafika akaleta mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya mnada ya siku gari linanunuliwa, imekunjwa mara nne, na daftari la shule. Kila oili iliyomwagwa ipo, kwa tarehe na kilometa. Kila lita iliyoongezwa katikati ipo. "Linakula," akasema. "Nusu lita, kabla sijafika muda wa kumwaga. Msije mkasema sikusema. Na kile kioo, mjukuu alirusha jiwe, lilikuwa la ndege."

Fundi hakumjibu lolote. Aliweka kiganja kwenye boneti. Baridi.

Nililitazama jicho lake likitembea saa moja na robo. Aliikuta W2 ya karatasi kwenye mlango ule ule wa nyuma. Aliikuta A1 kwenye ubawa, imefifia kwa miaka ya jua. Chini, alilala mgongoni juu ya boksi la katoni na kugonga vyuma kwa mpini wa bisibisi, akisikiliza. Magari yaliyoishi Hokkaido na kaskazini mwa Japani hutembea juu ya barabara zilizomwagwa chumvi kuyeyusha theluji, na chumvi hula kutoka chini kwenda juu, bodi inabaki bibi harusi huku chesisi inamung'unyika. Hili lilikuwa na kutu ya juu juu tu. Bushi za mbele zilikuwa zimepasuka. Shokapu ya kushoto ilikuwa inalia mafuta. Aliingiza kidole ndani ya reli ya siti, nikashika pumzi nikikumbuka ya kaka, kidole kikatoka na vipande vya biskuti.

Matairi aliyasoma ubavuni, zile namba nne za mwisho: 2319, wiki ya 23 ya mwaka 2019. Daftari lilisema matairi yalinunuliwa Oktoba ya mwaka huo.

Kisha kijiti cha oili. Alikitoa, akakifuta, akakirudisha, akakitoa tena na kukishika mlalo kwenye mwanga. Oili ilikuwa imeshuka karibu na alama ya chini, akaomba daftari, akahesabu siku tangu ilipomwagwa mara ya mwisho na kilometa zilizotembea, akarudia hesabu kwa kidole hewani. Zililingana. Kijiti cha geaboksi alikinusa. Kilikuwa chekundu kilichozeeka, hakina harufu ya kuungua. Kioo cha waya kikashuka nyuma ya injini. Hakuna ukoko.

Alipoliwasha alisimama nyuma na leso nyeupe mbele ya ekzosi. Lilitoka wingu dogo la buluu, likaisha. Hilo nalo lilikuwa limeshaandikwa kwenye daftari.

Barabarani hakutafuta lami nzuri. Alitafuta uwanja akakata usukani wote, akazunguka taratibu kulia, halafu kushoto, dirisha likiwa wazi kusikiliza kama siivii jointi zitalia tak-tak. Alitafuta barabara ya vumbi yenye makorongo. Halafu, kitu ambacho hakuna anayekipenda Dar es Salaam, alitafuta foleni. Tuliingia ya Ubungo saa sita mchana, kiyoyozi kimefunguliwa mwisho, tukakaa. Dakika arobaini mshale wa joto haukutikisika. Katika dakika hizo alibonyeza kila swichi iliyopo: siti za umeme, vioo, paa la jua, mwanga wa ndani. Anasa ikifa, anasema, inakuachia uzito wake. Siti ya nyuma, ambayo katika toleo hili husogea mbele na nyuma na kulala, aliniambia niende nikaikalie mimi, nipande na kushuka mara tatu, nimfikirie mama mkwe.

Tuliporudi, mwalimu alikuwa amekaa barazani, daftari mapajani. "Vipi fundi?"

"Bushi za mbele, shokapu ya kushoto, mpira wa paa unaanza kukauka, na oili inakula kama ulivyosema. Mengine yote limesema lenyewe."

Nilingoja aongeze neno zuri. Hakuongeza. Aliomba maji ya kunawa.

Tulielewana bei siku ile ile. Mwalimu, kwa heshima, hakukubali tuondoke na gari chafu, akamwita kijana wa jirani na ndoo ya sabuni. Kijana aliosha vizuri, mpaka ndani ya milango, na nilimwona ameinama upande wa dereva na kisu kidogo, anaanza kukwangua kibandiko cha njano cha oiru. Fundi alikuwa ameshavaa kofia ya kuondokea. Alirudi hatua tatu, akamshika kijana mkono.

"Hiyo iache, mdogo wangu. Siku dada akiuza, kuna mtu atataka kuisoma."